Efatha: Masikio Kwanza, Kisha Ulimi



Juma hili tunapenda kuungama mbele yenu kosa letu moja. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya Misa ya kwanza, bibi mmoja alituletea mjukuu wake ofisini. Mtoto alikuwa na umri wa miaka mitatu, mchangamfu, lakini hakuwa na neno ila “ma”. “Baba Paroko, tumwombee,” alisema bibi. Tukamwombea na kumbariki, kisha tukaongeza la kwetu: “Mama, usihangaike. Atasema tu.” Maneno hayo yalimfariji bibi, nayo yakampotezea mtoto mwaka mzima.

Mwaka uliofuata bibi alirudi. Alikuwa ameuza mbuzi wawili ili amlipe mtu aliyejiita mtaalamu, ambaye alimkata mtoto udata na kuahidi kwamba angesema ndani ya siku arobaini. Siku hizo zilipita, na mtoto yu kimya vilevile. Hapo tuliona haya, tukaanza kutafuta kwa dhati.

Haikuwa kazi nyepesi. Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha ni wachache mno katika nchi zetu. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwafundisha kwa shahada mwaka 2008 tu. Katika kutafuta huko tulijifunza mambo matatu. Kwanza, njia huanzia masikioni. Mtoto asiyesikia vema hawezi kuiga sauti. Basi aonwe na daktari wa masikio, pua na koo, apimwe usikivu. Pili, mtaalamu wa kweli hachukii kuulizwa amesomea wapi na amesajiliwa wapi. Huuliza habari za mtoto tangu mimba, humtazama akicheza, wala hataji siku ya kupona. Tatu, huwafundisha walezi, kwa kuwa muda wa kliniki ni mfupi, na lugha hujengwa nyumbani, wakati wa kula na wa kuoga.

Mjukuu yule alipopimwa, ilionekana kwamba hasikii vema masikio yote mawili. Alipata vifaa vya kusikilizia, na baadaye mtaalamu wa usemi, mwendo wa saa tano kwa basi. Bibi alifundishwa kuinama hadi usawa wa macho ya mtoto, kutaja kitu kwa jina, kisha kungoja. Alingoja sana. Leo kijana yule hutunga sentensi. Baadhi ya sauti bado humshinda, na wasiomzoea humwomba arudie. Lakini humwita bibi yake kwa jina.

Tangu hapo tumeisoma kwa macho mengine Injili ya Marko, sura ya 7. Kiziwi yule mwenye ulimi mzito hakuja peke yake. Aliletwa na watu. Bwana alimtenga na umati, akagusa kwanza masikio, kisha ulimi, ndipo akasema: Efatha. Katika ibada ya Ubatizo lipo tendo linalochukua jina lake katika neno hilo. Tumegusa masikio na vinywa vya watoto wengi wa parokia hii, lakini ni mara ngapi tumeuliza baadaye kama kweli vimefunguka?

Basi, wapendwa, katika jumuiya zetu ndogondogo tuulizane. Mtoto asiyegeuka aitwapo, au aliyetimiza miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, apelekwe kupimwa bila kungoja. Hiyo si laana, wala si aibu ya mama yake. Nauli ikikosekana, ofisi ya parokia i wazi. Sala tutaendelea kusali. Ila safari hii, tukimaliza kusali, tutasindikizana hadi hospitali.

Mungu awabariki nyote.