Nyota Isiyoonekana Asubuhi



Wapendwa waamini, wazee wetu walituachia usemi kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Ni usemi wa kweli kwa nyota nyingi. Walakini zipo nyota ambazo asubuhi hazikuonekana na mtu yeyote, na jioni zikaangaza kuliko zile zilizosifiwa mapema. Basi swali la tafakari yetu ya juma hili ni hili: mtu aliyepewa kazi ya kupima vipawa vya kijana afanyeje anapokutana na kijana anayechelewa?

Naomba nilijibu kwa kupitia mchezo ulio mbali nasi, yaani mpira wa magongo wa barafuni. Niliujua kwa masimulizi ya padre mmoja mzee, mzaliwa wa Quebec nchini Kanada, aliyetufundisha seminarini, na tangu hapo nimekuwa nikiufuatilia. Kwa wasioujua: wachezaji sita wa kila upande, mlinda mlango akiwamo, huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye bapa za chuma, wakigombea kwa magongo kisahani cheusi cha mpira mgumu. Mwendo ni wa kasi, na kugongana kwa mabega kunaruhusiwa, hivyo ukubwa wa mwili ni mali. Kila mwaka timu za ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini, iitwayo NHL, huchagua vijana kwa zamu, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 18. Kabla ya siku hiyo wasaka vipaji huzunguka viwanjani kwa miezi mingi, wakiandika juu ya kila kijana: huyu atafika, yule hatafika.

Martin St. Louis alizaliwa mwaka 1975 huko Laval, Quebec. Kimo chake ni kama sentimita 173 tu. Uteuzi ulipita bila jina lake kutajwa. Akaenda Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, akacheza huko miaka minne. Mwaka 1998 timu ya Calgary Flames ilimchukua, na mwaka 2000 ikamwacha aondoke. Tampa Bay Lightning ikampokea akiwa na miaka 25. Katika msimu wa 2003–2004 aliongoza ligi nzima kwa pointi 94, akatangazwa kuwa mchezaji mwenye thamani kuliko wote, na timu yake ikatwaa Kombe la Stanley kwa kuishinda katika fainali Calgary ileile iliyomwacha. Mwaka 2013, akiwa na miaka 37, aliongoza ligi tena. Mwaka 2018 akaingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa mchezo huo. Msomaji wa Zaburi hatakosa kulikumbuka lile jiwe lililokataliwa na waashi.

Ni rahisi kuwacheka waliompita. Tusifanye hivyo. Hawakuwa wajinga wala wabaya. Waliona mwili mdogo katika mchezo wa miili mikubwa, na walichokiona kilikuwa kweli. Tatizo ni kwamba jicho la mwanadamu hupima kile kilichopo leo, kisha hukitangaza kuwa ndicho kitakachokuwapo kesho.

Tena jicho hilo hupotoka hata pale linapodhani linapima kwa haki. Huko Kanada watoto hupangwa katika timu kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia tarehe 1 Januari. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba huhesabiwa kuwa rika moja, ingawa wamepishana karibu mwaka mzima. Kwa mtoto wa miaka minane mwaka mmoja ni mwingi: mkubwa huonekana hodari, hupewa nafasi, hupata mwalimu bora zaidi, na hivyo anakuwa hodari kweli. Mwaka 1985 mtafiti Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba wachezaji waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi kupita kiasi katika ligi. Utafiti mwingine, wa mwaka 2013, ulionyesha kwamba waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka walichaguliwa nyuma zaidi kuliko walivyostahili kwa kazi waliyokuja kuifanya baadaye. Kumbe mara nyingi tunachokiita kipawa ni umri, na tunachokiita udhaifu ni kuzaliwa Desemba.

Je, yupo anayeona vizuri? Wapo. Pavel Datsyuk wa Urusi, aliyezaliwa mwaka 1978, alipitwa na uteuzi wa mwaka 1996 na wa 1997. Msaka vipaji wa timu ya Detroit, Håkan Andersson wa Uswidi, alikwenda Urusi kumtazama mchezaji mwingine, akamwona huyu kijana mwembamba aliyecheza kwa akili nyingi. Baadaye akafunga safari tena kwa ajili yake. Mwaka 1998 Detroit ikamchagua akiwa wa 171. Haikumwita mara moja. Alibaki kwao miaka mitatu akiendelea kukomaa. Alipofika mwaka 2001 alikuwa na miaka 23, na mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa waliolibeba Kombe la Stanley. Mwaka 2024 naye aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima.

Nalitazama jambo hilo, nami naona mambo mawili. Kwanza, ni busara kutenganisha kile ambacho muda huleta wenyewe na kile ambacho muda peke yake hauleti. Kimo na uzito huja kwa siku zake. Hamu ya kujifunza na moyo wa kuinuka baada ya kuanguka haviji kwa kungoja tu. Pili, mtu hapimwi kwa kutazamwa mara moja. Aliyemwona leo hajui kama kijana anapanda au anashuka, mpaka arudi kumtazama tena.

Hata hivyo, tusijidanganye. Kwa kila mmoja aliyechelewa akafika, wapo wengi waliochelewa na hawakufika kamwe. Kumwambia kila kijana kwamba siku yake itakuja ni kumpa ahadi tusiyo na mamlaka nayo.

Hapa ndipo Injili inapotusaidia. Katika Luka sura ya 13, Bwana anatusimulia habari za mtini uliokaa miaka mitatu bila tunda. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunzaji hamwambii kwamba amekosea, wala haahidi kwamba matunda yatapatikana. Anaomba mwaka mmoja, na papo hapo anaahidi kupalilia na kutia samadi. Ndugu zangu, tuliangalie jembe hilo. Anayeombea mtu muda anajifunga kufanya kazi. Subira isiyo na jembe ni uvivu uliovishwa joho la huruma.

Mtakatifu Yohane Maria Vianney, aliyezaliwa mwaka 1786, alishindwa na Kilatini hata akaondolewa seminarini. Padre Balley, paroko wa Écully, hakuishia kumtetea kwa maneno. Alimfundisha mwenyewe, akamwombea nafasi, na baada ya upadrisho wake mwaka 1815 akamchukua kuwa msaidizi wake. Tunamsifu mtakatifu wa Ars, na ni haki. Lakini nyuma yake alisimama mzee mmoja mwenye jembe.

Nami swali hili ninalo mezani. Kama paroko naombwa kila mwaka kuandika barua kwa ajili ya wavulana wanaoomba kuingia seminari ndogo. Wana miaka 13 au 14, na naulizwa kama wanafaa. Mwaka huu yumo mmoja ambaye alama zake ni za chini kuliko za wenzake, sauti yake ni ndogo, na hakuna anayemtaja kwanza. Lakini kila juma hurudi kuniuliza juu ya somo ambalo hakulielewa Dominika iliyopita. Nimeandika ukweli wote: alama zake jinsi zilivyo, na maswali yake pia. Wakimpokea, nitamshukuru Mungu. Wasipompokea, nimemwambia aje parokiani kila Jumamosi saa nne asubuhi, tuanze na hesabu.

Wazazi na makatekista, kila mmoja wenu anao mtini wake. Kabla hamjatamka neno la mwisho juu ya mtoto, ulizeni: nimemtazama mara ngapi? Na nimempalilia kwa mkono gani? Mungu, aliyempita Eliabu mwenye kimo akamwita Daudi kutoka malishoni, atupe macho yake, na mikono ya kazi pia.

Nawatakia Dominika njema. Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Paroko wenu