NYUMBA SAFI BILA SUMU: TUNACHOSAFISHIA NA TUNACHOJITENGENEZEA WENYEWE



Ndugu wasomaji, wazazi wenzetu na nyinyi wanafunzi mnaoishi mabwenini, tumeombwa tuandike machache kuhusu vitu tunavyosafishia nyumba. Sisi ni mume na mke, tunaishi Buyenzi, Bujumbura, na nyumbani tuna watoto wanne na bibi yao. Si wataalamu wa kemia. Jambo hili tumelishughulikia kwa sababu mtoto wetu wa pili ana pumu, na nyumba yenye mgonjwa wa pumu hujua haraka kilichomo katika kila chupa.

Alhamisi jioni ilikuwa ndiyo siku ya usafi mkubwa, ili Ijumaa ikute nyumba imetakata. Sakafu ilioshwa kwa jiki, ambayo wengi wetu hapa tunaiita javeli, choo kikamwagiwa dawa kali, na mwisho vyumba vikapulizwa manukato ya kopo. Usiku huo mtoto alikohoa mpaka alfajiri. Daktari alipotuuliza tunatumia nini nyumbani, tulimtajia vyote. Akatuambia kuwa mvuke wa klorini na manukato ya kupuliza ni miongoni mwa vitu vinavyoziamsha njia za hewa za mwenye pumu, hata zikabana. Tangu hapo tukaanza kuchagua.

Dini yetu inatakaje?

Hakuna haja ya kumhimiza Muislamu usafi. Mtume wetu (Swalla Allaahu 'alayhi wasallam) ametufundisha kuwa twahara ni nusu ya imani, na katika Suratul Baqarah, aya ya 222, Allah ametueleza kuwa anawapenda wenye kutubia na wenye kujitwaharisha. Lakini tuangalie pia yeye mwenyewe alisafisha vipi. Bedui alipokojoa msikitini, Maswahaba wakataka kumkemea, Mtume aliwazuia, kisha akaamrisha ndoo ya maji imwagwe pale. Maji tu. Na chombo alicholamba mbwa kinaoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Hapana harufu kali wala povu katika mafundisho hayo, na bado twahara inapatikana.

Tena yeye huyo huyo alimkataza aliyekula kitunguu saumu kibichi asije msikitini akawaudhi wenziwe, kwani Malaika huudhika kwa yale yanayowaudhi wanaadamu. Basi ikiwa harufu ya chakula cha halali imewekewa mpaka, vipi harufu inayomfanya mtoto akose pumzi? Kanuni ya wanavyuoni ni kuwa hapana kudhuru wala kudhuriana. Usafi unaomdhuru mtu wa nyumbani unahitaji kutazamwa upya.

Bibi hakukubali upesi. Alituuliza, "Nyumba isiyonukia dawa, mgeni atajuaje kama imeoshwa?" Swali lake lina maana, kwani wengi wetu tumezoea kuupima usafi kwa pua. Tulimjibu, "Bibi, mgeni ataiona sakafu, na mjukuu wako atalala." Hakusema kitu. Lakini wiki iliyofuata ni yeye aliyetukumbusha kuwa zamani sufuria zilisuguliwa kwa jivu na mchanga, nazo zikang'aa kuliko hizi za leo. Na kweli, jivu la kuni lina chumvi za potasiamu zinazokata mafuta.

Vitu vinne vinavyotosha kazi nyingi

1. Sabuni ya mche. Hapa kwetu sabuni nyingi hutokana na mafuta ya mawese, na Rumonge ndiko kunakojulikana kwa michikichi. Sabuni hukamata mafuta na uchafu, na maji huviondoa pamoja na vijidudu. Hata virusi vya korona mwaka 2020 tuliambiwa tuvioshe kwa sabuni na maji, kwa kuwa sabuni huvunja ngozi yao ya mafuta. Kwangua gramu 100 za sabuni, mimina juu yake lita 2 za maji ya moto, koroga, acha mpaka kesho. Utapata sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, sakafu na nguo. Ikiganda sana, ongeza maji.

2. Bikabonati, ile ya kuumulia keki. Vijiko 4 vya bikabonati na kijiko 1 cha sabuni ya maji hufanya ujiuji wa kusugulia sinki, beseni na sufuria iliyoungua. Ikinyunyizwa peke yake ndani ya viatu au kwenye godoro lililokauka, hupunguza harufu.

3. Siki nyeupe. Ile ya kawaida ina asidi asetiki kama asilimia 5. Kikombe kimoja cha siki na kimoja cha maji husafisha vioo. Mchanganyiko huo huo ukichemshwa ndani ya birika na kuachwa nusu saa, huondoa ukoko mweupe wa chokaa. Kisha suuza mara mbili tatu.

4. Ndimu au limau. Asidi yake hufanya kazi karibu na ile ya siki, na harufu yake haimuudhi mtu. Nusu ndimu na chumvi kidogo husafisha ubao wa kukatia nyama, na mabomba yenye madoa ya maji.

Mambo matatu tuliyojifunza kwa kutumia. Kwanza, siki na bikabonati zikichanganywa hutoa povu la kupendeza, lakini zimeshauana nguvu; kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Tumia moja, suuza, ndipo utumie nyingine. Pili, usitie siki ndani ya sabuni yako ya mche iliyoyeyushwa, kwani asidi huirudisha kuwa mafuta yaliyogandamana. Tatu, siki na ndimu hula sakafu ya saruji na mawe ya marumaru. Hapo tumia sabuni na maji.

Je, siki ni halali? Na inatwaharisha?

Maswali haya huulizwa sana na akina mama. Katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wasallam) aliomba kitoweo, akaambiwa hakuna ila siki, akaila na kuisifu. Siki yenyewe ni halali. Waliyokhitilafiana wanavyuoni ni pombe iliyogeuzwa siki kwa makusudi. Ikigeuka yenyewe, imetwaharika. Ikigeuzwa kwa kutiwa kitu, madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo wengi wetu tunayafuata, hayaikubali, na ya Imam Abu Hanifa yanaikubali. Siki za viwandani nazo si za aina moja: nyingine hutokana na spiriti iliyochachushwa, nyingine ni asidi asetiki iliyopunguzwa kwa maji. Soma maandishi ya chupa, muulize shekhe wako, na mwenye kutaka kutoka katika shaka ana ndimu.

Ama kuondoa najisi, kwa Shafi'i hakuondoshi ila maji yenyewe. Siki itaondoa harufu ya mkojo kwenye godoro, lakini haijatwaharisha. Kwa hiyo maji kwanza, mpaka iondoke najisi, halafu siki ukitaka. Utaratibu huu una faida nyingine ambayo wengi hawaijui: mkojo una amonia, na amonia ikikutana na javeli hutoa hewa yenye sumu iitwayo kloramini. Aliyemwaga javeli juu ya mkojo wa mtoto chumbani amejitafutia kikohozi. Aliyetanguliza maji ametekeleza fiqhi na amesalimika.

Tahadhari zinazookoa roho

Hapa tunaomba msome kwa makini, na watoto wakubwa wasomewe.

Usichanganye javeli na kitu chochote isipokuwa maji. Javeli na siki, au ndimu, au dawa ya choo yenye asidi, hutoa hewa ya klorini, hewa ile ile iliyotumiwa kama silaha katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1915. Katika msikiti mmoja ambao hatuutaji, kijana aliyejitolea kuosha vyoo kabla ya Ijumaa alimwaga javeli, akaona haitoshi, akaongeza dawa ya choo, mlango umefungwa. Alitolewa mikononi mwa watu, akilia machozi na kushindwa kuvuta pumzi. Alhamdulillah alipona. Alikuwa anatafuta thawabu, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Ikitokea hivyo, toka nje mara moja, acha mlango wazi, na mwenye kubanwa kifua apelekwe hospitali.

La pili ni chupa. Sokoni sabuni za maji, javeli na hata mafuta ya taa hupimwa katika chupa za soda na za maji ya kunywa. Na nyumba zetu Waislamu zina chupa ya maji ya kustanjia chooni. Mtoto wa miaka mitatu ataitofautisha vipi? Kwetu hakuna dawa inayoingia katika chupa ya kinywaji. Tunatumia madumu ya rangi, tumeyaandika kwa wino usiofutika, na yanakaa juu kuliko mkono wa mtoto. Mtoto akinywa, msimtapishe, kwani kinachounguza kikishuka huunguza tena kikipanda, na mafuta ya taa huweza kuingia mapafuni. Msimlazimishe maziwa wala mawese. Msuuzeni kinywa, mkimbizeni hospitali, na mchukue ile chupa. Ikiingia machoni, osheni kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 zisizopungua.

La tatu, cha kienyeji si lazima kiwe salama. Kostiki inayotengenezea sabuni huunguza ngozi na hupofua. Sisi hatuitumii nyumbani. Tunanunua mche uliokwisha kutengenezwa na kuukwangua. Na udi tunaoupenda sote ni moshi kama moshi mwingine. Kwetu udi hufukizwa mtoto mwenye pumu akiwa nje, na madirisha wazi.

Kununua kwa macho mawili

Si kila mtu ana nafasi ya kukwangua sabuni, khasa wanafunzi. Ukinunua, tafuta alama ya umbo la almasi yenye ukingo mwekundu. Fuvu la kichwa maana yake ni sumu. Mkono unaomwagikiwa na kitu maana yake kinaunguza. Alama ya mshangao maana yake kinawasha au kinadhuru. Chupa isiyo na maandishi yoyote iache pale pale, hata ikiwa rahisi. Wala neno "asili" au picha ya jani la kijani lisikutoshe, kwani yeyote anaweza kuchapisha jani.

Je, tuitupe javeli?

Hapana. Hapa kwetu ndipo inapofaa tuseme ukweli. Tunaishi kando ya Ziwa Tanganyika, na kipindupindu tunakijua. Mwaka 2023 kilizuka tena Bujumbura. Siki na ndimu haziaminiki kuua vijidudu vya kipindupindu pale mgonjwa alipotapika au kuharisha. Siku hiyo klorini ndiyo dawa. Ikiwa javeli yako ni ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo 6 vya maji hutoa asilimia 0.5, inayotumika kwenye sehemu zilizochafuka. Changanya siku ile ile, nje au penye hewa, na vaa glovu. Wakija watu wa afya na maelekezo yao, yafuateni. Dumu moja la javeli lipo kabatini kwetu, juu, limeandikwa, na linasubiri siku yake. Kilichobadilika ni kwamba sasa halifunguliwi kila Alhamisi.

Hatusemi pumu ya mtoto wetu imeondoka. Bado ana dawa yake ya kuvuta, na msimu wa vumbi humsumbua. Lakini zile usiku za Alhamisi zimepungua sana, na Ijumaa huamka akawahi kuoga na kwenda na baba yake msikitini. Bibi naye sasa anawafundisha majirani ujiuji wa bikabonati, na huwaambia ni dawa ya zamani. Sisi hatumsahihishi.

Enyi wazazi, anzeni na jambo moja wiki hii. Tazameni chooni na chini ya meza ya jikoni, mtoe kila chupa ya soda yenye kitu kisicho soda. Hilo halihitaji pesa, na kuondoa chenye kuudhi njiani ni tanzu ya imani. Sembuse kilichomo ndani ya nyumba.

Tunamuomba Allah azitwaharishe nyumba zetu na nyoyo zetu, awaponye wagonjwa wetu, na awahifadhi watoto wa Waislamu. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.