Kifaru wa Baba

Kwa miaka 38 kazi yangu ilikuwa kukagua kazi za wengine: madaftari, maandalio ya masomo, hata visingizio vya walimu waliochelewa. Nilipostaafu ualimu mkuu nikaanza kukusanya vitu vya askari wa keya, yaani King's African Rifles, jeshi ambalo Waingereza waliliunda mwaka 1902. Nilidhani jicho langu haliwezi kudanganywa. Nilipenda hasa beji za nguo, zile zilizoshonwa mabegani, maana ni nyepesi kutunza, na pensheni yangu nayo ni nyepesi.

Beji yangu ya kwanza ilikuwa na kichwa cha kifaru. Huyo mnyama alikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Bama, ambayo leo ni Myanmar, mwaka 1944. Vijana wetu walipita bonde la Kabaw katika mvua, matope na malaria, na Desemba wakawa wamefika Kalewa, kwenye mto Chindwin. Muuzaji alinisimulia habari ndefu ya sajenti mmoja na sanduku lake. Kusema kweli nililipia hadithi. Beji nilipewa kama nyongeza.

Nyumbani mke wangu, ambaye ni mshonaji, aliigeuza upande wa nyuma. "Baba Neema, uzi huu ni wa juzi." Akachomoa ncha moja, akaiwasha kiberiti. Uzi ukajikunja, ukayeyuka, ukabaki kitone kigumu cheusi. Nikaona aibu, kwa sababu chuoni mkufunzi wetu wa kazi za mikono alitufundisha jambo hilohilo: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, sufu hunuka kama nywele zilizoungua, bali nyuzi za viwandani huyeyuka. Nyuzi za polista hazikuingia sokoni mpaka baada ya vita ile. Nilikuwa nimepata alama nzuri katika mtihani huo!

Basi nikarudi kuwa mwanafunzi. Nilijifunza kuanza na mgongo wa beji, si uso wake. Iliyovaliwa huwa na matundu ya sindano pembezoni, pengine na vipande vya uzi vilivyosahauliwa, na rangi ya nyuma huwa kali kuliko ya mbele iliyopigwa na jua. Ile iliyochovywa katika chai ili ionekane kongwe hugeuka rangi pande zote sawasawa. Uzee wa kweli haugawi hivyo. Nondo nao ni wakaguzi wazuri: hutafuna sufu, hawana haja na polista. Lakini pia nilijifunza kutodharau beji iliyo duni. Wakati wa vita Waingereza walibana matumizi, wakachapa nyingi juu ya kitambaa cha pamba badala ya kuzitarizi, na mafundi wa masokoni India walishona nyingine kwa mikono, kila fundi kwa mtindo wake.

Nikanunua pia tochi ya mwanga wa urujuanimno, ya jamii ile wanayokagulia noti benki. Sabuni za unga zina dawa ya kung'arisha, nayo huwaka samawati chini ya mwanga huo. Dawa hiyo ilienea baada ya vita. Niliambiwa kwamba beji ikiwaka, ni bandia.

Hapo ndipo nilipofungua sanduku la bati la marehemu baba. Karatasi zake za jeshi zililiwa na mchwa zamani. Kilichobaki ni kifaru mmoja, ametariziwa juu ya kaki kwa mishono ya kupindapinda, na ana pembe moja tu. Baba hakupenda kusimulia habari za Bama. Baba mdogo alikuwa akimtania vilabuni kwamba Bama aliisikia redioni, kwamba vita vyake vyote alivipigania jikoni Nairobi. Baba alicheka tu. Mimi sikuwahi kucheka.

Nilizima taa, nikawasha tochi. Kifaru akawaka samawati.

Sikumwambia mtu kwa wiki tatu. Nilimwonea baba hasira, kisha nikajionea hasira mwenyewe kwa kununua ile tochi. Ni dada yangu mkubwa aliyeuliza nina nini, nami nikamweleza. Akasema, "Si mama alikuwa akikifua? Kila Krismasi, kwa sabuni ya unga, anakianika pamoja na vitambaa vya meza."

Nilitafuta tambara la kaki kuukuu lisilowaka, nikalifua kwa sabuni ya unga, nikalianika. Usiku likawaka kama kifaru. Mke wangu akachomoa uzi nyuma ya beji: likabaki jivu laini. Kuhusu ile pembe, kifaru wa India ana moja, wetu wana mbili. Nadhani fundi alishona mnyama aliyemjua yeye.

Nilimpelekea baba mdogo, ambaye sasa amepita miaka 90 na macho yake ni hafifu. Alikipapasa kitambaa kwa vidole muda mrefu.

"Kwa hiyo alikwenda," akasema.

"Baba mdogo, kitambaa kinaonyesha ni cha wakati ule. Hakisemi kilikuwa begani kwa nani."

Alinyamaza. Kisha akaniomba nimwachie mpaka asubuhi.