Besi ya Marehemu Baba

Naishi Kisongo, magharibi ya mji wa Arusha, mahali ambapo upepo wa kiangazi huingia ndani na vumbi la ng'ombe waendao mnadani. Uwanja wa ndege wa Arusha u jirani nami. Ndege ndogo ziendazo Unguja hupita juu ya bati langu, nami kila nizisikiapo huwa nimekwisha kufika Darajani kabla yake. Aliyelowea bara hubaki na kisiwa masikioni.

Marehemu baba yangu alikuwa mpiga besi katika kikundi cha taarabu, lile fidla kubwa lisimamalo sakafuni na kupigwa kwa vidole. Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa jinsi vyama vyetu, tangu Ikhwani Safaa cha mwaka 1905 hadi Culture Musical Club cha 1958, vilivyojenga okestra za fidla, udi, kanuni, nai na akodiani. Lakini ni wangapi humsifu mpiga besi? Mwimbaji hutunzwa, mpiga udi hutajwa, naye wa besi husimama nyuma akiwabeba wote. Mama alikuwa akituambia kuwa baba alikuwa na tabia moja: hakuizima sauti kwa kiganja. Akishautikisa uzi, aliiacha sauti ife yenyewe.

Kilichobaki kwake ni kaseti moja ya mazoezi, iliyorekodiwa miaka ya 1980. Kwa zaidi ya miaka ishirini sisi watoto wake tuliisikiliza, nasi tulikuwa tukiisikia besi ikivuma chini ya nyimbo, ndefu na laini. Tukasema, huyo ndiye yeye.

Spika zangu za zamani zilipochakaa, nikaazimia kununua jozi bora ya zile ndogo ziwekwazo juu ya rafu. Nilitenga thamani ya mtamba mmoja. Mke wangu, ambaye ni Mwarusha wa hapa hapa, aliniuliza, "Baba Zuwena, mtamba atatoa maziwa. Hizo zitatoa nini?" Sikuwa na jibu.

Dukani mjini kijana aliniamkia shikamoo, akanishauri kwa upole nichukue sabufa. Akapiga wimbo wa vijana, vioo vya kabati vikatetemeka. Nikampa sidii niliyohamishia kaseti ya baba. Jozi ya kwanza ilijaza duka zima. Besi ilinguruma kama lori lipandalo mlima. Nilivutiwa, kisha nikashtuka: kila noti ya besi ilikuwa noti ile ile. Uzi wa chini kabisa wa besi hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na sanduku dogo haliwezi kufika huko kwa urahisi. Basi watengenezaji hulitoboa tundu la kupumulia, na tundu likipimwa vibaya, hukazia sauti moja na kuiendeleza hata uzi ukiwa umekwisha kunyamaza.

Jozi ya pili ilikuwa na wufa ya inchi sita na umbo lisilo na majivuno. Ilisikika hafifu, na kidogo niipite. Lakini kijana, ambaye kumbe aliijua kazi yake, alinieleza kuwa spika hizo zina desibeli tatu pungufu, yaani zinahitaji wati maradufu ili zilingane na zile za kwanza. Na sikio la binadamu hukipenda chenye kelele likadhani ndicho kizuri. Tukazilinganisha sauti, tukasikiliza upya. Sasa besi ilipanda na kushuka kama mtu apandaye ngazi. Nikalipa.

Nyumbani, nilipoziegemeza ukutani, zikaanza nazo kunguruma. Nikazivuta mbele kiasi cha dhiraa moja. Mke wangu akatandika zulia na kutundika mapazia mazito, kwa kuwa kuta za saruji huirudisha sauti kabla haijatua. Usiku, watoto walipolala, nikaupiga ule wimbo.

Besi ilikuja wazi, kavu, iliyokatwa. Kila noti ilizimwa kwa kiganja mara tu ilipozaliwa. Niliurudia wimbo mara nne. Ule uvumi mrefu tuliompa baba kwa miaka yote ile haukuwa wa vidole vya mtu yeyote. Ulikuwa wa masanduku mabovu. Aliyekuwa akipiga hakuwa baba.

Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini nani atanilazimisha kuwaambia ndugu zangu sikilizeni? Nilikaa na siri ile hadi Mama alipokuja kwa Idi, akashuka katika moja ya ndege zile zile. Siku ya tatu aliziona spika, akaniomba mwenyewe kaseti ya baba. Mkono wangu ulikuwa mzito.

Alisikiliza wimbo mzima, vidole vikihesabu juu ya goti. Ulipokwisha, aliomba maji, akanywa.

"Mwanangu," akasema, "wiki ile baba yako alikuwa na homa. Alilala nyumbani, nami nikimpikia uji. Huyu ni mwenzake aliyemshikia nafasi."

"Mbona hukutuambia, Mama?"

"Kila mkiupiga mlikuwa mkitokwa na machozi ya furaha. Kaburi lilikuwa limekwisha kumchukua. Na mimi niwanyang'anye hicho kilichobaki?"

Kisha akaniambia niurudishe mwanzo. Wimbo ulipoanza, alifumba macho, akawa anavuma kwa chini pamoja na besi. Pale kiganja cha yule mwenzake kilipoikata noti, yeye aliendelea nayo, polepole, mpaka ikafa yenyewe.