Kanuni za Meza na Mwenye Meza

Wanafunzi wetu wanabeti. Siku fedha za kujikimu, wanazoziita boom, zinapoingia, wapo wanaotandika mikeka kabla ya kulipa kodi ya chumba. Wakubwa hulitaja jambo hili kama upungufu wa maadili, wakaishia hapo. Mwanafunzi mmoja alinipa njia nyingine ya kulitazama aliponiuliza: "Dokta, kama kamari ni hesabu, mtu akiijua hesabu yake barabara, si atashinda?"

Swali hilo halikustahili kujibiwa kwa mahubiri. Nikachagua blackjack, mchezo wa karata ambao mchezaji hushindana na mgawaji kukaribia 21 bila kuizidi, kwa kuwa hesabu yake imeshafanywa. Wanajeshi wanne wa Marekani, Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, waliikokotoa kwa mashine za mezani na kuichapisha mwaka 1956. Matokeo yake yanaenea katika jedwali moja dogo: ubavuni ziko karata zako, juu iko karata ya mgawaji iliyo wazi, na katikati ni uamuzi bora.

Kwa wiki kadhaa, kila usiku baada ya chakula, nilikaa na karata, na punje za maharage mahali pa fedha. Nilianza na jumla zisizo na ree: ukiwa na 17 au zaidi, tulia, ukiwa na 13 hadi 16, tulia iwapo mgawaji anaonyesha 2 hadi 6, vinginevyo ongeza karata. Zikafuata jumla zenye ree, ambayo huhesabiwa 1 au 11. Mwisho nikaingia katika jozi: ree mbili na 8 mbili hutenganishwa daima, 10 mbili na 5 mbili hazitenganishwi kamwe. Nilipozoea, niliziacha hali nyepesi nikawa najigawia ngumu tu, mpaka jibu likawa linatangulia wasiwasi.

Iliyonifundisha zaidi ni 16 mbele ya 10 ya mgawaji. Jedwali linasema ongeza. Hata hivyo utapoteza takriban mara tatu katika kila nne, uongeze usiongeze. Nafuu ya kuongeza ni ndogo mno. Mkono husita, kwa sababu kuzidi 21 kwa karata uliyoiomba mwenyewe kunauma kuliko kushindwa ukiwa umetulia. Mtumishi wa umma anaifahamu hali hii: uko uamuzi sahihi unaoweza kumletea lawama, na uko uamuzi dhaifu ambao hakuna atakayemuuliza. Maarifa anayo. Anachokosa ni mazoea ya kuyatenda akiwa na hofu, na mazoea hayo hujengwa kwa kurudiarudia kabla siku ya hofu haijafika.

Sasa jibu la mwanafunzi wangu. Hashindi. Anayelifuata jedwali bila kukosea, katika meza yenye masharti mazuri, bado hupoteza kwa wastani takriban senti 50 katika kila shilingi 100 anazoweka. Ndiyo maana kasino nyingi humruhusu mchezaji kukaa na jedwali lake mezani. Anayeonyeshwa mlango ni yule anayehesabu karata zilizokwisha kutoka, mbinu aliyoieleza Edward Thorp katika kitabu *Beat the Dealer* cha mwaka 1962, kwa kuwa huyo anaweza kuishinda nyumba.

Na nyumba inaweza kubadili masharti. Kwa desturi, aliyepata ree na karata ya 10 kwa dau la 1,000 hulipwa faida ya 1,500. Katika meza nyingi za Las Vegas leo hulipwa 1,200. Badiliko hilo peke yake huiongezea nyumba zaidi ya asilimia moja, na kumnyang'anya mchezaji sehemu kubwa ya alichookoa kwa kukariri.

Mkeka wa mpira ni mgumu zaidi. Hauna jedwali la kukariri. Kampuni ndiyo inayopanga odi, fungu lake likiwa limeshafichwa ndani yake, na kila mechi unayoiongeza kwenye mkeka hulikuza fungu hilo.

Tunawahimiza vijana wawe na nidhamu, nami nahimiza vilevile. Lakini nidhamu ya mchezaji ina mpaka uliowekwa na mwenye meza, na kumficha kijana mpaka huo ni kumdanganya. Enyi wanaharakati, na ninyi mnaoandika kanuni katika ofisi za umma, dai langu ni dogo: kila mkeka uchapishwe, kwa tarakimu zinazosomeka, kiasi ambacho kampuni hutarajia kubaki nacho katika kila shilingi 1,000. Serikali inayotoza kodi michezo hii inao uwezo wa kuliagiza hilo. Kijana akishaisoma tarakimu hiyo, aamue mwenyewe kati ya mkeka na kodi ya chumba.