Turubai la kahawa na dy kwa dx

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mtoto wa kwetu Isingiro aliyechaguliwa kuingia kidato cha tano kwa tahasusi ya PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, alikuwa anajulikana vijiji vitatu vya jirani. Aliondoka na sanduku la bati, ndoo na godoro, akapanda lori la mizigo kwenda Bukoba, na kama alipangiwa Tabora, Mzumbe au Ilboru, safari ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Aliporudi likizo, ukimwuliza somo gani linamtesa, jibu lilikuwa lile lile: Advanced, yaani hesabu za juu. Fizikia waliilalamikia kidogo, kemia kidogo, lakini Advanced waliitaja huku wakitazama chini.

Mimi nilikuwa nimepita njia hiyo hiyo, pale shule ya Ihungo, kisha nikarudi nyumbani kuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha kahawa. Ualimu sijausomea. Ila kijijini neno la mtu aliyefaulu hesabu za kidato cha sita linasambaa haraka, na kabla msimu wa pili wa mizani haujaisha nilikuwa naitwa Mwalimu hata na wazee walionizidi umri. Nikaacha kukanusha.

Kilichokuwa adimu siku zile ni njia. Majibu yalikuwapo. Kitabu kilikuwa Backhouse, yaani Pure Mathematics cha Backhouse na Houldsworth, ambacho toleo lake la kwanza ni la mwaka 1957, na nakala moja ililiwa na darasa zima. Vijana walinakili mazoezi kwa mkono kwenye daftari la kaunta, na waliokuwa waangalifu walinakili pia majibu ya kurasa za mwisho. Walikuja likizo na orodha: swali, jibu, na katikati pengo. Mtu alijua kabisa kwamba jibu ni 8/3 lakini hajui mtu anafikaje huko. Kazi yangu ilikuwa kuziba pengo lile, hatua kwa hatua, kwa chaki juu ya mlango wa ghala la chama. Mlango ulikuwa wa mbao nyeusi na ulikuwa mpana. Ubao wa shule nyingi za wakati ule haukuufikia kwa uzuri.

Miaka ile mtihani wa kidato cha sita ulipofanyika Februari, likizo ya Desemba ndiyo iliyokuwa ya moto. Ulipohamishiwa Mei, kuanzia mwaka 2014, kalenda yangu nayo ikapinduka, lakini msimu nilioupenda haukubadilika: Juni na Julai, kahawa ya maganda ikiwa juani. Hapo nilifundishia chini, kwenye turubai.

Kuna binti mmoja, alikuwa akisoma shule ya wasichana Bukoba, alikuja na swali la mchanga unaomiminwa na kufanya rundo la umbo la pia. Ujazo unaongezeka kwa kasi isiyobadilika. Nusu kipenyo kinakua kwa kasi gani? Alikuwa ameandika kanuni zote sawasawa na bado haamini jibu. Nikawaomba vijana wa ghala wamimine magunia mahali pamoja, taratibu, mfululizo. Rundo likainuka. "Tazama ukingo wake, si kilele," nikamwambia. Mwanzoni ukingo ulikimbia, kila sekunde ukimeza turubai. Baadaye, vijana wakiendelea kumimina vile vile, ukawa unatambaa.

Tukaandika. Tuseme kimo kinalingana na nusu kipenyo, ingawa kahawa halisi hulala zaidi ya hapo. Ujazo ni theluthi ya π mara r kwa kipeo cha tatu, na dV kwa dt inatoka πr² mara dr kwa dt. Wakimimina mita za ujazo 0.2 kwa dakika, basi r ikiwa nusu mita ukingo unasogea sentimita 25 hivi kwa dakika; r ikifika mita moja, ni sentimita 6 na kidogo. Binti akaitazama ile πr² kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, hili si eneo la kitako?" Ndilo. Kahawa mpya inabidi igawanywe juu ya kitako chote, na kitako kimeshakuwa kikubwa. Tangu siku hiyo sikumsikia akiuliza tena dr kwa dt maana yake nini. Mweka hazina wa chama aliuliza kwa nini kahawa ya mkulima imerundikwa badala ya kuanikwa, na ilibidi tuitandaze upya wenyewe.

Kisha zikaja shule za kata. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza mwaka 2004, na ndani ya miaka michache kila kata ilikuwa na majengo na watoto wamejaa. Walimu wa sayansi ndio hawakutosha. Wale vijana waliomaliza kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa madarasani, watu wakawaita vodafasta, jina la kejeli ambalo sikulipenda, kwa sababu baadhi yao walikuwa wamepita kwenye turubai langu na walifanya walichoweza. Matokeo yake niliyaona baadaye: kijana amechaguliwa PCM, anataka msaada wa intigresheni, lakini kinachomkwamisha ni kujumlisha sehemu. Wakati huo huo vitini kutoka Dar es Salaam vilianza kufika hadi Omurushaka na Kayanga, mitihani iliyopita ikiwa imefanyiwa kazi mstari kwa mstari. Njia, ile iliyokuwa adimu, sasa iliuzwa dukani pamoja na sabuni. Nikadhani kazi yangu imekwisha. Haikuwa hivyo. Vijana walianza kukariri njia. Ukibadilisha herufi x kuwa t, baadhi yao walisimama kabisa.

Kalkuleta ndiyo iliyonionyesha nini kimegeuka. Kidato cha nne wanakatazwa kuingia nayo kwenye mtihani wa hesabu, wanatumia kitabu cha majedwali. Kidato cha sita wanaruhusiwa, na mtihani wenyewe una swali la matumizi yake. Casio fx-991MS ilipoenea, kijana mmoja alikuja akitamba kwamba intigresheni sasa ni kubonyeza tu. Nikampa rahisi kuliko zote: sin x kutoka 0 hadi π/2. Akabonyeza, akaandika 0.0215, akaniangalia kama mtu anayesubiri chenji yake.

Nilimwambia achore. Mchoro unaanza sifuri, unapanda hadi moja, upana wake ni 1.57. Nikamwambia achore pembetatu ndani yake, kutoka chini kushoto hadi juu kulia. Eneo la pembetatu hiyo peke yake ni karibu 0.785. Mchoro wa sin umepita juu ya pembetatu. Basi hiyo 0.0215 imetoka wapi? Alibonyeza tena, ikaja ile ile. Mashine haikuwa mbovu: pembeni mwa kioo palikuwa na herufi D ndogo, ilikuwa imewekwa kwenye digrii badala ya radiani. Jibu sahihi ni 1, bila salio. Kilichonishangaza ni jinsi alivyokuwa tayari kuondoka na 0.0215 hadi chumba cha mtihani. Vijana wa Backhouse walikuwa na jibu na wakatafuta njia. Huyu alikuwa na njia na jibu vyote mfukoni, na hakuwa na kitu cha kuvipimia. Kuanzia hapo nikaacha kuwafanyia maswali. Nawadai kwanza mchoro na kisio: eneo hili ni zaidi ya ngapi, chini ya ngapi? Wengi hukasirika. Wanasema muda wa mtihani hautoshi.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, liliangusha majengo ya shule za Ihungo na Nyakato, na serikali ikazifunga shule zote mbili kwa muda. Vijana wakaja nyumbani, baadhi mikono mitupu, madaftari yamebaki chini ya kifusi. Kwa siku chache mlango wa ghala ukarudi kazini kama zamani. Halafu Machi 2020 shule zote nchini zikafungwa kwa ajili ya korona, na safari hii ghala halikuhitajika: maswali yalikuja kwa WhatsApp, picha zimepigwa kombo, nusu ya vekta imekatwa. Huku kwetu mpakani simu inaweza kukukaribisha Rwanda au Uganda ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Picha nyingine ilitoka kwa jamaa wa ng'ambo ya mto Kagera, kwenye ile Isingiro nyingine, wilaya ya Uganda. Mtoto wake alikuwa S6, yaani kidato cha sita cha kwao, na swali lake la vekta lilikuwa pacha wa lile la vijana wangu. Nikalituma jibu moja pande zote mbili. Kidato cha sita walipoitwa shuleni Juni mosi, kundi la WhatsApp likabaki, na lipo hadi leo, ingawa siku hizi limejaa salamu za asubuhi.

Ada ya kidato cha tano na cha sita ilipofutwa mwaka 2022, nilianza kupata watoto wa nyumba ambazo zamani zingeishia kidato cha nne. Simu zao zinapiga picha swali na kulimaliza kabla sijavaa miwani, hatua zote zimepangwa, nadhifu kuliko mwandiko wangu.

Kijana wa mwisho kunitembelea ni mtoto wa mvuvi, kutoka pande za Murongo. Tulianza na swali la kawaida: mtumbwi unakwenda kilomita 5 kwa saa katika maji tuli, mkondo ni kilomita 3, unataka kuvuka sawia. Unauelekeza juu, kinyume cha mkondo, kwa pembe ambayo sin yake ni 3/5, digrii 36 na dakika 52, na unavuka kwa kilomita 4 kwa saa. Alilimaliza bila simu. Kisha akauliza mwenyewe, bila kuchochewa: mvua ikinyesha, mkondo ukawa 5 na mtumbwi 3? Alibonyeza sin ya kurudi nyuma ya 5/3, kalkuleta ikaandika Math ERROR. Simu ikasema haiwezekani kuvuka sawia.

"Lakini baba anavuka," akasema.

Hapo nikavuta kiti. Kuvuka sawia hakuwezekani, ni kweli. Basi uliza swali jingine: uelekee wapi ili mkondo ukuteremshe kidogo iwezekanavyo? Tukaandika umbali wa kuteremka kwa kutumia pembe, vekta upande mmoja, kisha tukatafuta dy kwa dx na kuilinganisha na sifuri. Ilituchukua karatasi mbili. Ikatoka sin ya pembe ni 3/5, pembe ile ile ya swali la kwanza, jambo lililomkera kuliko kumfurahisha, akadhani tumekosea. Tukahakiki. Kwa mto wa upana wa mita 60, mtumbwi unateremshwa mita 80.

Akapiga simu nyumbani kumwuliza baba yake mvua ikiwa kubwa anashukia wapi. Mzee akataka kwanza kujua ni nani anayetaka kuvuka na mvua hii.