Nyundo Inapoachiwa



Wapendwa, juma hili nimeshinda jioni tatu nikiwa nimepiga magoti mbele ya piano kuukuu tuliyopewa na hoteli moja ya hapa Nungwi. Tangu masika, vibao vyake kadhaa vikibonyezwa havirudi. (Wanakwaya walishauri tutie mafuta. Mafuta hunata na kuzidisha ubaya.)

Aliyenisaidia ni fundi wa majahazi, Mwislamu, jirani yetu. Piano hakuwahi kuigusa, lakini ubao anaujua. Alipochungulia ndani alicheka: unyevu uleule unaovimbisha mbao za jahazi hata maungio yakafumba, ndio uliovimbisha vitambaa vya sufu vinavyokumbatia pini za vibao. Kule huokoa, huku hukaba. Tulivikausha polepole, tukavibana kidogo kwa koleo, kibao baada ya kibao. Navyo viko 88.

Kisha ikaja kazi ya nyundo. Kidole hakipigi uzi. Huirusha nyundo tu, na inapobakiza takriban milimita 3 kuufikia uzi, mtambo huiachia. Safari iliyosalia nyundo huimaliza yenyewe, ikagonga na kurudi. Utaratibu huo ulibuniwa yapata mwaka 1700 na Bartolomeo Cristofori, fundi wa Florence, Italia. Skrubu yake ikikaa vibaya, nyundo isipoachiwa, huugandamiza uzi na sauti hufa palepale. Ikiachiwa mapema mno, sauti huwa dhaifu.

Tukiwa katika skrubu hizo alifika baba mmoja (nasimulia kwa ruhusa yake) akitaka nimwandikie mwanawe barua kali ili arudi seminarini. Kijana ana miaka 20, na amekwisha kusema hapana mara mbili. Baba huyu ndiye aliyemfundisha sala na kumleta Misa ya alfajiri tangu utotoni, na msukumo huo ulikuwa wajibu wake. Nilimwonesha ile nafasi ya milimita 3. Hakupendezwa. Alisema mwanawe si nyundo, na katika hilo alisema kweli. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

“Padri, na ikiachiwa isifike?”

Nilimjibu kwamba wapo wasiofika, na kwamba hata hao Mungu anawajua walipo. Alikaa kitambo, akatushikia taa hadi magharibi, fundi alipoondoka kwenda kuswali.

Barua sijaiandika. Vibao 9 bado vinasubiri. Fundi atarudi baada ya bamvua, kwani ana jahazi linalongoja maji makubwa lishushwe.